Usiombe Google isome ukurasa ambao haujaiva

Hapa Moshi na Arusha wapo wenye biashara ndogo wanaolipia kila mwezi huduma ambayo haina bei. Ankara inaandikwa "kusajili tovuti Google", na mwezi unaofuata inaletwa nyingine yenye maneno yaleyale. Anayelipa ni mwenye nyumba ya wageni, mwenye kampuni ya kupandisha watalii mlimani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hajui hasa analipia nini, ila anaogopa kwamba akiacha, tovuti yake itapotea. Mimi natengeneza tovuti, ndiyo kazi inayonilisha, na nataka niseme wazi: kuiomba Google isome ukurasa ni bure, ni kazi ya dakika chache, na ina wakati wake. Ukiomba wakati unaofaa, ombi linasaidia. Ukiomba ovyo, unapoteza pesa na muda, na ukurasa unabaki palepale.

Nianze na jinsi mambo yanavyokwenda, maana hapa ndipo wateja wengi wanapopotoshwa. Mtu akiandika "nyumba ya wageni Marangu" kwenye simu yake, Google haianzi kuzunguka intaneti nzima kumtafutia jibu. Inafungua faharasa yake, yaani hazina ya kurasa ilizokwisha kuzisoma, na kumchagulia humo. Ukurasa usiokuwemo hauonekani, hata uwe mzuri namna gani. Ili uingie, unapita hatua tatu. Kwanza Google ijue kwamba upo, na mara nyingi inajua kwa kufuata kiungo kutoka ukurasa mwingine. Pili roboti yake, inayoitwa Googlebot, ije isome. Tatu Google yenyewe iamue kama unafaa kuwekwa. Ombi lako linagusa hatua mbili za mwanzo tu. Ile ya tatu hainunuliwi. Google imeeleza kwenye miongozo yake kwamba haipokei malipo ili isome tovuti mara nyingi zaidi au iipandishe kwenye majibu ya kawaida, na kwamba haimhakikishii mtu yeyote kuwa ukurasa wake utaingia.

Mahali pa kuombea panaitwa Google Search Console. Mafundi wa siku nyingi wanapajua kwa jina la zamani, Webmaster Tools, lililobadilishwa mwaka 2015. Mwaka 2018 kikaongezwa kifaa cha kukagua ukurasa mmoja mmoja: unabandika anwani kwenye kisanduku cha juu, unaambiwa kama ukurasa umo kwenye faharasa au haumo, na kama haumo, kwa nini. Hapohapo ndipo kilipo kitufe cha kuomba. Mwaka huohuo Google ilifunga fomu ya wazi ambayo mtu yeyote aliweza kuitumia kupeleka anwani yoyote. Tangu hapo, anayeomba lazima athibitishwe kwamba ana mamlaka juu ya tovuti. Shika jambo hilo, nitalirudia.

Kitufe hicho kina kikomo. Kwa siku moja unaruhusiwa idadi fulani tu ya maombi, na Google inasema kwamba kuomba mara nyingi kwa ukurasa uleule hakuuharakishi. Inasema pia kwamba kusomwa kunaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Kwa hiyo fundi anayekuambia anaomba kila Jumatatu ili usishuke, anakuuzia jambo ambalo mwenye mtambo mwenyewe anasema halina faida.

Sasa, uombe lini? Jibu langu ni hili: omba pale ukurasa unapokuwa na jambo jipya, limekamilika, na kuchelewa kwake kusomwa kutamuumiza mtu. Ukilitumia kama kipimo, utaona nyakati zenyewe ni chache.

Wakati wa kwanza ni ukurasa mpya ambao biashara inautegemea. Umefungua vyumba vipya, umeanza safari ya siku moja kwenda maporomoko ya Materuni, umeanza kuuza kahawa iliyokaangwa. Ukurasa umeandikwa ukaisha, picha zimewekwa, bei zipo, simu ipo. Omba, mara moja. Lakini kabla ya kuomba hakikisha kuna njia ya kuufikia ukurasa huo kutoka ndani ya tovuti yako. Hapa naona jambo moja likijirudia kwa wateja: mtu anatengeneza ukurasa, anachukua anwani yake, anaituma kwenye makundi ya WhatsApp, basi. Kwenye menyu ya tovuti haumo, ukurasa wa mwanzo hauutaji. Google haisomi mazungumzo yako ya WhatsApp. Ukurasa huo ni yatima, na hata ukiuombea ukasomwa, unabaki dhaifu kwa sababu tovuti yako yenyewe haimwelekezi mtu huko. Google inasema tovuti ndogo, ya kurasa kama 500 au pungufu, ambayo kurasa zake zimeunganishwa vizuri, inaweza hata isihitaji ramani ya tovuti, lile faili linaloorodhesha anwani zote. Tovuti nyingi za huku kwetu hazifiki hata kurasa 50. Menyu iliyopangwa vizuri inazitosha.

Wakati wa pili ni pale ukurasa wa zamani unapobeba taarifa inayoweza kumpoteza msomaji. Kampuni nyingi za utalii za Moshi hutumia miezi ya masika, wageni wanapopungua, kupanga bei za msimu unaoanza Juni. Bei zikibadilishwa kwenye tovuti, Google inaweza kuendelea kwa muda kuonyesha maneno ya zamani chini ya jina la kampuni. Mgeni aliye Ujerumani anaona bei ya mwaka jana, anaandika barua pepe akidai bei hiyo, na mazungumzo yanaanza kwa kutoaminiana. Hapo ombi lina maana. Lina maana zaidi ikiwa kilichobadilika ni namba ya simu au namba ya kulipia, kwa sababu pesa ikishakwenda kwenye namba isiyo yako, kuirudisha ni kazi ngumu. Lakini kusahihisha koma, kubadilisha rangi ya kitufe au kuongeza picha moja ya mlima hakuhitaji ombi lolote. Roboti itarudi yenyewe kwa wakati wake.

Wakati wa tatu ndio unaohitaji fundi mwenye macho: baada ya kuondoa kizuizi. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni huko Marangu aliniita akiwa amekata tamaa.

"Mwanangu," akaniambia, "wageni wananipata kwa kuelekezana tu. Nikitafuta jina la nyumba yangu Google silioni. Na kijana aliyenitengenezea kila nikimuuliza ananiambia ameomba tena."

"Mama, tuangalie pamoja," nikamwambia, "uone kwa macho yako."

Tulibandika anwani ya ukurasa wake wa mwanzo kwenye kile kisanduku. Jibu likaja kwamba ukurasa haumo kwenye Google, na sababu ikaandikwa: kuna agizo la noindex, yaani usiwekwe kwenye faharasa. Tovuti yake ilijengwa kwa WordPress. Ndani ya WordPress, kwenye mipangilio ya usomaji, kuna kisanduku cha kuziambia injini za utafutaji zisiiweke tovuti kwenye majibu yake. Mafundi hukiwekea tiki wakati wa ujenzi, na ni sawa kabisa, kwa sababu tovuti isiyokamilika haipaswi kuonekana. Kazi ikiisha, tiki huondolewa. Yake haikuondolewa. Na kuna jambo ambalo mama yule alistahili kulijua: Search Console hupima ukurasa kwanza kabla ya kupokea ombi, na ikikuta agizo kama hilo, inalikataa ombi palepale na kueleza kwa nini. Kwa hiyo ama hapakuwahi kuombwa chochote, ama aliyeomba alilisoma jibu na akanyamaza.

Tulitoa tiki, tukahifadhi, tukapima ukurasa upya hadi kikaguzi kikasema hakuna kizuizi. Kisha tukaziombea kurasa mbili tu, ule wa mwanzo na ule wa vyumba na bei. Ramani ya tovuti tukaipeleka mara moja. Kurasa nyingine roboti ilizifuata yenyewe kupitia menyu. Hakukuwa na kazi ya kila mwezi hapo, wala ya kila wiki.

Wakati wa nne ni pale tovuti inapohama, kwa mfano kampuni iliyokuwa na jina la .com ikachukua la .co.tz. Kazi kubwa hapo ni kuelekeza kila anwani ya zamani kwenye anwani mpya inayolingana nayo, kwa uelekezaji wa kudumu, na kuuacha uelekezaji huo uendelee angalau mwaka mmoja kama Google inavyoshauri. Ukishaweka hivyo, ombea kurasa chache zilizo muhimu, nyingine zitafuata.

Sasa nizungumzie wakati wa kutoomba, na hapa nina uchungu zaidi. Chukua kampuni za kupandisha watalii Kilimanjaro. Fungua tovuti zao, soma maelezo ya njia ya Machame. Siku ya kwanza, msitu na kambi ya Machame. Siku ya pili, Shira. Kisha Barranco na ukuta wake, Karanga, Barafu, halafu usiku wa kwenda Uhuru, mita 5,895. Maneno ni yaleyale, sentensi kwa sentensi, tovuti baada ya tovuti, kwa sababu mmoja alinakili kwa mwenzake na mwenzake alikuwa amenakili kwa mwingine. Halafu mwenye tovuti anakuja kulalamika kwamba Search Console inamwambia ukurasa umesomwa lakini haujawekwa kwenye faharasa. Ndugu yangu, Google imeshausoma. Hatua ya kwanza na ya pili zimepita. Ukiomba tena unairudisha kusoma maneno ambayo tayari inayo kutoka kwa wengine.

Na inaniuma kwa sababu watu hawa wanaujua mlima kuliko maelezo wanayonakili. Kiongozi aliyepanda miaka mingi anajua wageni wanachoka wapi, anajua ni saa ngapi mnapaswa kuanza kuupanda ukuta wa Barranco ili msikutane na msongamano, anajua mpishi anaandaa nini mtu akikosa hamu ya kula kwa sababu ya urefu wa mlima. Hayo hayapo kwenye tovuti ya mtu mwingine. Kaa naye mezani jioni moja, andika anayosema, weka jina la kampuni yako juu yake. Ukurasa huo ukikamilika, ndio wa kuuombea.

Vilevile usiombe kabla hujaona ukurasa kama roboti inavyouona. Google sasa husoma tovuti kama mtu anayetumia simu janja, si kompyuta ya mezani. Kile kikaguzi kinakuruhusu kupima ukurasa ulivyo sasa hivi na kukuonyesha picha ya kilichoonekana. Tazama picha hiyo. Bei zako zipo kwa maandishi, au zimo ndani ya picha ya tangazo uliyotengeneza kwa ajili ya WhatsApp? Maandishi yaliyo ndani ya picha usiyategemee yasomwe kama maandishi ya ukurasa. Je, menyu imefunika nusu ya ukurasa? Je, sehemu ya chini bado ina maneno ya mfano yaliyokuja na kiolezo? Ukurasa wa namna hiyo haujaiva. Urekebishe kwanza.

Kuna kurasa ambazo hazipaswi kuombewa kamwe, na hazipaswi hata kuwepo hadharani. Niliwahi kuonyeshwa na mzazi orodha ya shule ya sekondari, faili la PDF, majina ya wanafunzi wanaodaiwa ada, kiasi cha deni, na namba za simu za wazazi. Lilikuwa limepandishwa kwenye tovuti ya shule ili "wazazi waone kwa urahisi". Waliliona wazazi, na waliliona wengine wote, kwa sababu lilikuwa limeingia Google na lilijitokeza ukitafuta jina la mwanafunzi. Mtoto huyo ataomba chuo, ataomba kazi, na jina lake limefungwa na deni la mzazi wake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na shule haziko nje yake. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, hakuna mwalimu ambaye angebandika orodha hiyo kwenye ukuta wa stendi ya mabasi.

Likitokea jambo kama hilo, fahamu kwamba kifaa cha Google cha kuondoa ukurasa kinauficha kwa takribani miezi sita tu. Ni cha kununua muda. Dawa yenyewe ni kulifuta faili kwenye tovuti, au kuliweka nyuma ya nywila. Na usiamini anayekuambia inatosha kuizuia roboti kwa faili la robots.txt. Roboti ikizuiwa kusoma, haiwezi kuliona agizo la noindex ulilouwekea ukurasa, na anwani yake inaweza kuendelea kujitokeza ikiwa kuna mahali pengine panapoelekeza hapo.

Watakuja na njia za mkato. Nizitaje kwa kifupi ili usidanganyike. Google ina mfumo wa kupokea anwani moja kwa moja kutoka programu hadi programu, lakini umeruhusiwa kwa aina mbili tu za kurasa: zenye matangazo ya nafasi za kazi, na zenye video zinazorushwa mubashara. Wenye tovuti za ajira wautumie, ni haki yao, tangazo la kazi likichelewa kusomwa linakuta muda wa kuomba umekwisha. Anayetaka kukuuzia mfumo huo kwa ajili ya ukurasa wa hoteli anakupeleka nje ya masharti. Ile njia ya zamani ya kuigongea Google hodi kila ramani ya tovuti inapobadilika, Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba inaifunga. Bing na Yandex wana utaratibu wao, IndexNow, uliotangazwa mwaka 2021. Ni mzuri na ni bure, programu nyongeza nyingi za WordPress zinao. Uwashe, uendelee na shughuli zako.

Narudi kwa lile nililokuomba ulishike: anayeomba ni yule aliyethibitishwa kuwa na mamlaka juu ya tovuti. Basi jiulize, kwako ni nani? Kwa wateja wengi ninaowapokea, jibu ni fundi aliyepita. Akaunti ya Search Console ni ya barua pepe yake. Jina la tovuti limesajiliwa kwa barua pepe yake. Nywila ya mahali tovuti inapohifadhiwa anayo yeye. Mwenye biashara, aliyelipa kila kitu, hana anachoweza kukikagua. Hapo ndipo biashara ya "kusajili Google" kila mwezi inapopata nguvu, kwa sababu anayelipa hana pa kwenda kuhakikisha.

Mafundi wenzangu, hili tunaweza kuliacha kesho. Siku ya kukabidhi kazi, fungua akaunti kwa barua pepe ya mteja, muweke yeye kuwa mmiliki, wewe uwe mtumiaji aliyealikwa. Kaa naye, mwonyeshe kisanduku cha kukagua, mwache abandike anwani ya ukurasa wake mwenyewe na asome jibu. Mwonyeshe kitufe, mwambie kinatumika lini. Tunazo kazi za kutosha za kulipwa kwa haki: kuandika vizuri, kupiga picha, kuharakisha tovuti ifunguke kwa bando dogo, kuilinda isivamiwe. Hatuhitaji kuuza kitufe cha bure.

Na wewe mwenye tovuti, wiki hii mwandikie fundi wako ujumbe mfupi, kwa heshima, umwombe mambo mawili: uwekwe kuwa mmiliki kwenye Search Console, na utumiwe majibu ya kikaguzi kwa ukurasa wako wa mwanzo na ukurasa wa bei. Fundi mwaminifu atakutumia siku hiyohiyo. Ukishayapata, yasome. Kama ukurasa umo kwenye faharasa na taarifa zake ni sahihi, huna cha kuomba, na huna cha kulipia. Kama haumo, sababu imeandikwa hapohapo. Iondoe sababu hiyo, ndipo uombe.